Chai ya Stoo na Vifuko vya Shaba

Kazini walimwita Bi Saa, na hakuna aliyemwita hivyo kwa dhihaka, angalau si mbele yake. Alikuwa daktari wa kemia, yaani daktari wa kusoma, si wa kuchoma sindano, jambo ambalo majirani walikuwa bado hawajamsamehe. Kila aliyemgongea mlango na mtoto mwenye homa aliondoka na pole, na mtoto, na homa yake. Lakini maabara nzima ilimheshimu kwa kitu kilicho adimu kuliko shahada: hakuwahi kuchelewa. Mlinzi wa getini alipoiona miwani yake ikitokeza kwenye kona, alijua wakati wa kusinzia umekwisha.

Juu ya mlango wa maabara alikuwa ametundika saa kubwa ya mviringo, ya aina ile ya stesheni, na kila asubuhi alisimama karibu nayo amekunja mikono, akiwapokea waliochelewa kwa kimya. Afadhali angetukana. Dereva wa taasisi, ambaye siku moja alileta mitungi ya gesi watu wakiwa wameshakula chakula cha mchana, alilazimika kuomba radhi, tena si kwa Bi Saa bali kwa majaribio yenyewe. "Waombe radhi hao," alimwambia, akimwonyesha chupa zilizojipanga juu ya meza. "Ndio waliokuwa wanakungoja." Dereva akaziomba radhi chupa. Tangu siku hiyo, hata akipishana na chupa ya soda, alihisi kuna kitu anadaiwa.

Mkuu wa maabara, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoazima kalamu, hakufungua mkutano bila kumtaja. "Igeni kwa Bi Saa!" aliwaambia. "Akikwambia dakika kumi, hazipungui, hazizidi!" Wenzake waliinamisha vichwa na kumwombea afya mbaya, kwa staha.

Nyumbani jina hilo halikuvuka kizingiti. Mumewe alikuwa kinyozi, na kibanda chake cha kunyolea kilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba, hivi kwamba harufu ya mafuta ya nywele na harufu ya jikoni zilikuwa zimeshazoeana kama mawifi. Kinyozi alijivunia mkewe, ila alipata taabu kueleza anachofanya.

"Mke wangu anatengeneza vifuko," aliwaambia wateja wembe ukiwa shingoni mwao, wakati ambao mtu hana budi kusikiliza.

"Vya plastiki?"

"Vya mafuta. Vidogo mno. Hata mwenyewe havioni."

"Sasa anajuaje kama vipo?"

"Hapo ndipo elimu inapoingia," kinyozi alijibu, akahamia sikio la pili.

Hakukosea sana. Vifuko vyenyewe vilitengenezwa kwa fosfolipidi, mafuta ambayo kila chembe yake ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyachukia. Ukizitia majini, chembe hizo hujilaza safu mbili, miguu kwa miguu, kama wageni wengi waliopewa blanketi moja fupi: mikia imefichwa katikati, vichwa vimetokeza pande zote mbili. Ukuta huo hujikunja ukawa mpira mdogo wenye maji ndani, na ndani ya maji hayo unaweza kuweka dawa. Taabu ni kwamba kuta za fosfolipidi peke yake ni legevu. Leo zimeshika dawa, kesho zimeivujisha.

Hapo ndipo Bi Saa alipoleta sabuni yake. Si sabuni ya kufulia, ingawa ni ndugu wa ukoo mmoja: ina mkia mmoja mrefu, na kichwani imebeba chembe ya shaba. Kwa tabia yake sabuni huvunja mafuta, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuosha sufuria. Ukizidisha, vifuko vinasambaratika. Ukipatia, sabuni inajibanza katikati ya fosfolipidi, inazikaza, na vichwa vya shaba vinabaki nje vikiwangoja vijidudu wa vidonda sugu, wale wanaokaa kwenye mguu wa mgonjwa kana kwamba wamepanga chumba. Katika sahani za maabara, vijidudu hao walipokutana na vifuko vya Bi Saa walikufa bila kuaga. Wodi ya ngozi ya hospitali jirani ilikuwa imeshaanza kuulizia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unayeyusha fosfolipidi na sabuni ya shaba pamoja katika klorofomu, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, ndani ya chupa ya mviringo. Unaifunga chupa kwenye mashine inayoizungusha taratibu juu ya maji ya vuguvugu, huku pampu ikinyonya hewa. Klorofomu inapaa, na ukutani mwa chupa unabaki utando mwembamba wa rangi ya samawati. Kisha, kwa kuwa klorofomu ni mgeni anayesimama mlangoni akisema anaondoka huku anaanza hadithi nyingine, unaiacha chupa chini ya pampu kwa muda wa saa moja zaidi ili mabaki nayo yatoke. Mwisho unatia maji yenye dawa. Utando unajimenya, unajikunja, vifuko vinazaliwa. Vikizaliwa vyema, chupa inakuwa na maji maangavu yenye ububuluu, kama yale ya kusuuzia nguo nyeupe.

Ule muda wa saa moja chini ya pampu hauna kazi kwa binadamu. Pampu inanguruma yenyewe. Kwa hiyo Bi Saa, baada ya kuandika katika kumbukumbu zake "saa moja," huwa anavua koti jeupe, anashuka ngazi na kwenda stoo kunywa chai.

Mtunza stoo alikuwa shoga yake wa miaka mingi, mwanamke wa makamo mwenye funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba alisikika kabla hajafika. Nyuma ya maboksi ya glavu alificha birika la umeme na vikombe viwili, na ndani ya kichwa chake alihifadhi habari za wifi yake. Wifi huyo alikuwa amekuja kumsalimia kwa siku mbili.

"Mtu wa siku mbili," mtunza stoo aliuliza, chai ikimiminwa, "anakujaje na kabati?"

"Kabati la nguo?"

"La milango mitatu, shoga yangu! Limebebwa na wanaume wanne. Wakang'oa na fremu ya mlango."

Kabati lile liliwekwa sebuleni, likafungwa kwa kufuli, na wifi akatembea na ufunguo kifuani. Siku mbili zikawa miezi. Lilikuwa na nini ndani? Hakuna aliyejua. Kila chai ilileta sura mpya: mara sukari imepungua, mara wifi kalipangusa kabati kwa kitambaa cha meza, mara kalisemesha. Bi Saa alikunywa, akaguna, akauliza maswali, akacheka hadi miwani ikaingia ukungu, kisha akapanda ngazi, akavaa koti, akaufungulia utando wake maji. Kwenye saa ya ukutani hakutazama. Ilikuwa juu ya mlango, na anayeingia mlangoni haoni kilicho juu ya kichwa chake. Tena, kwa nini atazame? Kutazama saa ni kwa wanaochelewa.

Makala yake ikachapishwa. Ndani yake aliandika, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba utando uliachwa chini ya pampu kwa muda wa saa moja.

Baada ya miezi michache Mkuu alimwita ofisini, iliyokuwa chini, ukuta mmoja na stoo. Simu ilikuwa mezani, imewekwa sauti ya wazi, na ndani yake alikuwemo mtafiti wa maabara rafiki ya mji mwingine, watu makini wanaojulikana kwa kutokuwa na utani.

"Tumefuata makala yenu neno kwa neno," simu ilisema. "Tunapata maziwa yaliyoganda."

"Ya rangi gani?" Bi Saa aliuliza.

"Ya buluu."

"Mmerudia?"

"Tumerudia mpaka hatutaki tena kuona buluu."

Ikaamuliwa kwamba mtafiti huyo aje ashuhudie kwa macho yake. Simu ilipokatwa, Mkuu alizungusha kalamu kwa muda. Kuna neno linalotumika katika maabara kwa matokeo yasiyorudiwa na mtu mwingine, nalo ni lile lile la jikoni: kupika. Mkuu hakulitamka. Alilizunguka tu, kama mtu anavyozunguka dimbwi akiwa amevaa viatu vipya.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini mgeni akishindwa kuona vifuko, makala itabidi tuifute sisi wenyewe. Na wodi ya ngozi itatafuta wengine. Na jina lako, Bi Saa… watu wana midomo."

Bi Saa alipanda ngazi kurudi maabara. Angeweza kuvumilia kuitwa mkali, mnoko, mtu wa roho ngumu. Hayo alikuwa ameyachuma kwa jasho. Mwongo hakuwahi kuitwa.

Mgeni akafika. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole kwa namna ya kutia hofu, na shingoni alining'iniza saa ya kuhesabia kama mwalimu wa michezo. Alikaa kwenye kigoda, magoti pamoja, akasema, "Fanya kama kawaida yako, Daktari. Nichukulie kama sipo."

Hakuna agizo gumu kuliko hilo. Bi Saa alijikaza kisabuni. Alipima, akayeyusha, akazungusha, utando ukatokea, chupa ikabaki chini ya pampu. Mgeni akabonyeza saa yake. Mlangoni mtunza stoo alichungulia na kuinua kikombe kitupu, nyusi juu. Bi Saa alimtikisia kichwa kama mtu ambaye hajawahi kuona kikombe maishani mwake. Siku kama hiyo, mbele ya mgeni, aende kupiga soga? Alisimama wima kando ya pampu kama askari wa lango, asiketi, asikohoe.

"Utando wako unang'aa vizuri," mgeni alisema.

"Asante," alijibu, akijisikia fahari kidogo.

Saa ya shingoni ikalia. Bi Saa akatia maji. Ndani ya chupa pakatokea mawingu, mawingu yakawa mabonge, mabonge yakashuka chini na kutulia, buluu, mazito, bila haya yoyote.

"Inatokea," mgeni alisema kwa upole.

"Kwangu haijawahi kutokea."

"Ndiyo. Tumesoma."

Alasiri alirudia, kwa maji mapya, sabuni mpya, fosfolipidi ya kopo ambalo lilikuwa halijafunguliwa. Alisimama tena pale pale. Utando ukang'aa tena. Mabonge yakashuka tena, safari hii upesi zaidi, kana kwamba sasa yameshaijua njia. Mgeni alifunga begi lake taratibu, akasema bado ana kesho moja, halafu akamshukuru kwa muda wake. Hilo la muda lilimchoma Bi Saa kuliko yote.

Alifika nyumbani hana hamu ya kuongea. Jua lilikuwa bado lipo, kinyozi alikuwa na wateja, na jikoni maharage yalikuwa yanachemka. Aliyaonja: hayana chumvi, na kopo la chumvi limekwisha. "Nakwenda hapo jirani," alimwambia mumewe akipita. "Dakika tano. Nakuja sasa hivi."

Kinyozi aliendelea kunyoa. Ndoa yao ilikuwa na watoto wawili na "nakuja sasa hivi" zisizo na idadi.

Jirani alimwona alivyonyong'onyea, akamuuliza kulikoni. Basi akamweleza, kwa kifupi tu, hapo hapo mlangoni, hata kukaa hakukaa, ila mwishoni kidogo, kwenye mkeka. Aliporudi na chumvi yake kwenye kikaratasi, moshi ulikuwa unatoka dirishani, na kinyozi alikuwa anaupepea kwa lile shuka la kufungia wateja shingoni.

"Nimekwenda dakika tano!" Bi Saa alilalamika.

"Sawa."

"Chumvi tu, mume wangu. Dakika tano."

"Ulipotoka nilikuwa naanza kichwa cha mwalimu," kinyozi alisema. "Nimemmaliza mwalimu. Nimemmaliza mdogo wake. Nimemnyoa na yule mwenye ndevu anayesinzia, na yule unajua huwezi kumharakisha, atakatika pua. Halafu nikafagia."

"Watatu?"

"Na kufagia. Mama watoto, mimi nakupenda, lakini dakika zako tano zina wajukuu."

Siku nyingine yoyote neno hilo lingezaa ugomvi wa heshima. Leo Bi Saa alikuwa ameinama juu ya sufuria. Maharage yaliyokuwa yanaogelea sasa yalikuwa yamegandamana ukutani mwa sufuria, utando mmoja mwembamba, usiong'aa hata kidogo.

"Yamekauka," alisema polepole.

"Yamekauka sana."

"Yamekauka kwa sababu sikuwepo."

"Ndicho ninachokwambia tangu tumeoana."

"Ningesimama hapa nikiyaangalia, yasingekauka!"

"Hilo nalo nimewahi kulisema, ila si kwa furaha namna hiyo." Kinyozi alimtazama mkewe, ambaye sasa alikuwa anatabasamu ndani ya sufuria iliyoungua, akarudi nyuma hatua moja. "Uko salama?"

Asubuhi Bi Saa alipitia stoo kabla ya kupanda juu.

"Shoga, chai yetu huwa inachukua muda gani?"

"Saa moja," mtunza stoo alijibu bila kufikiri. "Si wewe ndiye mwenye saa?"

"Fikiri vizuri. Siku ile ya kabati kuingizwa."

Mtunza stoo aliacha kuhesabu glavu. "Siku ile… tulipoanza, getini alikuwa mlinzi wa asubuhi. Nilipotoka kumwaga majani ya chai nikamkuta wa mchana. Nikamsifu kwa kuwahi zamu."

"Na siku wifi alipolisemesha?"

"Ile usiitaje. Ile nilifika nyumbani nikijiuliza mbona nimeshika kazi moja tu." Akaweka mkono mdomoni. "Shoga, tumekuwa tukiiba mshahara?"

"Tumekuwa tukikausha utando," Bi Saa alisema. "Sabuni ya shaba ni ng'ang'anizi. Inaishika klorofomu, haiiachii ndani ya saa moja. Wale wenzetu wanafuata makala, wanasimama saa moja kamili, wanapata mabonge. Mimi jana nilisimama saa moja kamili, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikapata mabonge."

"Basi leo iache ikae, ufunge mdomo."

"Mgeni ana saa shingoni."

"Mwambie pampu imezeeka."

"Huo sasa ndio uongo. Jana nilikuwa naogopa kuitwa mwongo, leo niuanze mwenyewe?"

"Sawa, waambie ukweli. Useme Bi Saa, mwenye saa lake la stesheni, huwa anapotea stoo nusu siku kusikiliza habari za kabati." Mtunza stoo alitikisa kichwa kwa huruma. "Yule dereva atachinja mbuzi."

Bi Saa alipanda ngazi kama mtu anayepelekwa. Kila ngazi ilikuwa na mtu ambaye yeye aliwahi kumkemea: huyu kwa robo saa, yule kwa kumalizia ndizi yake koridoni. Akavaa koti. Mgeni alikuwa tayari kwenye kigoda. Mkuu naye alikuwa amekuja, amesimama karibu na dirisha kwa uso wa msibani.

Akapima, akayeyusha, akazungusha. Chupa ikabaki chini ya pampu, mgeni akabonyeza. Muda huo wote Mkuu alitazama nje. Utando ulikuwa unang'aa mzuri sana, na Bi Saa sasa aliuchukia mng'ao ule. Ilikuwa klorofomu ile ile, haijaaga.

Saa ya shingoni ikalia.

"Saa imetimia, Daktari," mgeni alisema.

Mkono wa Bi Saa ulikuwa juu ya chupa ya maji. Angeweza kuyatia, mambo yakaisha, makala ikafutwa, na yeye akaenda nyumbani na jina lake la kuwahi likiwa zima, pamoja na lile jingine, la mwongo.

"Bado," alisema.

"Samahani? Imeandikwa saa moja."

"Imeandikwa na mtu aliyekwenda kunywa chai." Aliondoa mkono kwenye chupa ya maji. "Mimi huwa sisimami hapa. Huwa nateremka stoo. Nikirudi naandika saa moja, kwa kuwa ndivyo nilivyoamini. Saa moja siyo."

Mkuu aligeuka kutoka dirishani. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka ndogo. "Wewe?"

"Mimi."

Mgeni hakushangaa wala hakucheka. Alikuwa mtu wa vipimo. "Chai ya muda gani?"

"Sijui. Sijawahi kuipima."

"Basi tuipime," mgeni alisema, akabonyeza upya saa yake, akasimama. "Kama kawaida yako."

Mtunza stoo, alipowaona watu watatu wakiingia, Mkuu akiwa wa mwisho na akijipitisha ubavu-ubavu katikati ya maboksi, alisimama na funguo zake zote zikalia. Akachemsha maji. Vikombe vilikuwa viwili, kwa hiyo wakubwa wakanywea kwenye bilauri za kupimia, mpya, zikiwa bado na karatasi zake.

Wakapuliza chai zao.

"Hali ya hewa ni nzuri," mtunza stoo alisema.

"Nzuri," Mkuu alikubali.

"Bei ya glavu nayo ni ile ile."

Bi Saa alifumba macho. Kwa mwendo huu chai ingekwisha kabla majani hayajatua chini. Mgeni aliitazama saa yake kwa adabu. Mkuu alikohoa, akaizungusha bilauri mkononi, akatazama dari, akatazama maboksi, kisha akaonekana kushindwa na jambo lililokuwa likimsumbua tangu aingie.

"Na yule wifi yako," aliuliza, "lile kabati lilifunguliwa?"

Mtunza stoo alimkodolea macho. Bi Saa naye. Mkuu alianza kubadilika rangi kuanzia kwenye kola.

"Ukuta wa ofisi yangu ni mwembamba," alisema.

"Tangu lini unasikia, Bosi?"

"Tangu fremu ya mlango." Akajikaza. "Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasikia tu. Lakini jana hamkunywa chai, na mara ya mwisho ulisema wifi amekwenda kuoga akasahau ufunguo mezani. Mtu unaachwaje hapo?"

Basi mtunza stoo akavuta kigoda. Kwanza ilibidi mgeni aelezwe yote tangu mwanzo, na hakuna aliyetaka aelezwe nusu-nusu. Mkuu alisaidia pale mtunza stoo aliporuka vipande. Mgeni aliuliza maswali ya kitaalamu: kufuli la aina gani, milango mitatu yote au mmoja. Alikuwa na mama mkwe, ikabainika, aliyewahi kuja kwake kwa wikiendi na jiwe la kusagia, na habari hiyo nayo ilipewa nafasi yake. Birika likachemshwa tena. Na tena.

"Nikachukua ufunguo," mtunza stoo alisema hatimaye, ameshusha sauti. "Nikafungua mlango wa kwanza. Hamna kitu. Wa pili, hamna. Wa tatu…"

"Wa tatu?" Mkuu alikuwa ameiweka bilauri chini.

"Hewa. Kabati tupu, hata hanga moja halina. Nikageuka, wifi huyo hapo kasimama na taulo. Namuuliza, wifi yangu, kabati tupu la nini? Ananijibu, mtu mwenye mfuko mmoja anaambiwa aondoke kesho. Mwenye kabati, mpaka mtafute wanaume wanne."

Mkuu akaiokota bilauri yake, akanywa.

"Sisi pia tunatengeneza vifuko vitupu," mgeni alisema baada ya kufikiri. "Kwa kulinganisha."

"Umemfukuza?" Bi Saa aliuliza.

"Nimfukuze vipi? Nimempa hanga."

Ndipo mgeni alipoikumbuka saa iliyokuwa shingoni mwake. Aliitazama, akaitikisa, akaitazama tena. Pamoja na ule muda wa kwanza, utando ulikuwa umekaa chini ya pampu zaidi ya saa tatu.

Wakapanda ngazi mbio, Mkuu akihema nyuma yao. Chupa ilikuwa inawangoja. Utando haukung'aa. Ulikuwa umefifia, mkavu, kama uso wa mtu aliyeamshwa mapema. Bi Saa alitia maji ya vuguvugu, akazungusha taratibu. Utando ukajimenya, ukajikunja, ukapotea ndani ya maji, na maji yakabaki maangavu, yenye ububuluu, bila bonge hata moja. Mgeni aliipeleka sampuli kwenye mashine ya kupima kwa mwanga, akasubiri, akasoma, kisha akafanya kitu ambacho wenzake wa kule kwao wasingekiamini. Akatabasamu.

"Vipo," alisema.

Alichelewesha safari yake, akarudia kwa muda mfupi-mfupi na mrefu-mrefu, hadi ikajulikana kwamba chini ya saa mbili na nusu hakuna kifuko, kuna mabonge tu. Kule kwao nako vikatoka. Makala haikufutwa, ilisahihishwa, na Bi Saa aliandika sahihisho kwa mkono wake: kwamba muda wa kukausha ulioripotiwa awali haukuwa umepimwa. Mwishoni, kwenye shukrani, palitajwa wodi ya ngozi, maabara rafiki, na "mtunza stoo, kwa mchango wake katika hatua ya kukausha."

Kazini hakuna aliyemwita mwongo, na hakuna aliyemwita tena Bi Saa. Dereva hakuchinja mbuzi. Alikuja tu asubuhi moja, akasimama mbele ya chupa zilizojipanga mezani, akasema, "Enhe? Leo nani anamwomba nani?" Bi Saa akaziomba radhi chupa, kwa sauti, watu wakisikia. Akaona haki imetendeka.

Kilichobaki ni chai. Kwa kuwa sasa iko ndani ya utaratibu uliochapishwa, Mkuu ameagiza isikatishwe kwa sababu yoyote, na kwa ajili ya usahihi ameomba kiti chake kiwekwe stoo. Lakini wifi ametulia, amepata kazi, anatia nguo kwenye kabati, na hana tena kisa cha kusimulia. Siku hizi wanamaliza vikombe, wanamaliza habari za glavu, kisha wanabaki wanatazamana.

"Shoga," mtunza stoo anauliza, anapiga miayo, "hatujamaliza? Turudi kazini?"

"Tulia," anamjibu. "Bado haujakauka."